PhD za taaluma mtambuka: chuo kinatupokea kwa mbwembwe, halafu hakuna idara inayotutaka

Wakuu salaam. Wakubwa zangu mlio humu, shikamooni.

Chuo kikianzisha PhD ya taaluma mtambuka, mwanafunzi wa programu hiyo ni wa idara gani? Nimeuliza ofisini kwa mdomo, nimeandika barua nikapitisha ngazi zote, haijajibiwa. Naleta hapa maana najua humu wamo wahadhiri, wamo wakurugenzi wa masomo ya juu, na wamo wenzangu wengi wanaoumia kimya kimya. Jina la chuo silitaji. Bado nahitaji sahihi zao.

Mimi ni daktari wa mifugo, mwajiriwa wa halmashauri, niko masomoni kwa ruhusa ya mwajiri. Nilijiunga na programu ya Afya Moja (One Health), inayoangalia afya ya watu, wanyama na mazingira kwa pamoja, kwa sababu naiamini, na hadi leo naiamini. Waliokuwa kazini Dodoma mwaka 2007 wanaikumbuka homa ya Bonde la Ufa. Mvua kubwa za mwisho wa 2006 zilijaza mabonde, mayai ya mbu yaliyokuwa yamelala ardhini yakaanguliwa, ng'ombe na mbuzi wakaanza kutupa mimba, kisha watu wakaanza kufa. Tanzania peke yake walifariki zaidi ya watu 100. Kinachoniuma ni kwamba wanasayansi waliokuwa wakifuatilia joto la bahari na uoto kwa setilaiti walishatoa tahadhari kabla wagonjwa wa kwanza hawajaripotiwa Garissa, Kenya, Desemba 2006. Mtu wa hali ya hewa alikuwa na kipande chake, wa mifugo chake, wa hospitali chake. Na lipo swali ambalo hakuna kipimo cha maabara kitakachokujibu: kwa nini familia inamchinja haraka mnyama anayeelekea kufa, na ni nani pale nyumbani anayeshika ile damu?

Julai 2022 tukaona tena, homa ya mgunda kule Ruangwa, Lindi. Watu wanatokwa damu puani, watatu wakafariki, na chanzo kikaja kubainika kuwa ni ugonjwa wa kutoka kwa wanyama. Serikali yenyewe ilishaona haja hii. Ofisi ya Waziri Mkuu ina dawati la uratibu wa Afya Moja tangu 2018. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia nimesoma kitu kisicho na kazi. Kazi ipo. Anayetuangusha ni chuo.

Nina wasimamizi wawili, mmoja wa mifugo na mmoja wa sayansi ya jamii. Siwasemi vibaya kama watu. Ni wasomi wakubwa, na kila mmoja kwa upande wake amenifundisha mengi. Lakini tangu nisajiliwe hawajawahi kukaa meza moja kuijadili kazi yangu. Mimi ndiye tarishi. Nachukua maoni jengo hili napeleka jengo lile, narudi na maoni yanayofuta yale ya kwanza.

Sikilizeni hili la sampuli. Sehemu ya utafiti wangu ni kupima damu za ng'ombe, na hapo hesabu ya sampuli inaeleweka, haina ugomvi. Sehemu nyingine ni majadiliano ya vikundi na wanawake wa jamii za wafugaji, kwa sababu wao ndio wanaokamua, ndio wanaozalisha mbuzi usiku, ndio wanaoshika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Msimamizi wa mifugo akaandika pembeni: umepataje idadi hii ya washiriki, weka fomula. Nikaweka ya Yamane, ile inayojulikana na kila aliyewahi kuandika prapozo Afrika Mashariki. Nikampelekea wa sayansi ya jamii, akaikata kwa kalamu nyekundu: kwenye majadiliano ya vikundi unasimama majibu yanapoanza kujirudia, fomula ya nini hapa? Nikaitoa. Ilivyorudi kwa wa kwanza, ikarudishwa. Nadharia tete ilikuwa hivyo hivyo, huyu anazidai, yule anazifuta. Marejeo ndiyo usiseme. Mmoja anataka namba, mwingine anataka jina na mwaka, nami nimebadilisha tasnifu nzima kwenda na kurudi.

Kila mmoja wao yuko sahihi ndani ya fani yake, na ndiyo maana siwalaumu. Kinachokosekana ni programu yenyewe kuwa na kauli. Mwongozo wa tasnifu tuliopewa ni ule ule wa chuo kizima, ulioandikwa kwa kumfikiria mtu wa idara moja, mwenye bosi mmoja na mtindo mmoja. Kamati iliyoandika andiko la mradi hadi ikapata fedha za wafadhili haikupata muda wa kuandika hata ukurasa mmoja wa kusema wasimamizi wakitofautiana, nani anaamua?

Nikaja kugundua mzizi wake. Msimamizi wangu mmoja aliniambia ukweli siku moja, na namheshimu kwa hilo: muda anaonipa mimi hauhesabiwi kwenye mzigo wake wa kazi, kwa sababu nimesajiliwa ndaki (kitivo) nyingine. Kwenye fomu yake ya kupandishwa cheo mimi sipo. Wanafunzi wa idarani kwake wapo, wanahesabiwa, na ni wengi. Sasa mtu ana masomo ya shahada ya kwanza ya kufundisha, mitihani ya kusahihisha, wanafunzi wake anaohesabiwa, halafu wa mwisho kabisa ni mimi. Sura moja inakaa kwake hadi unaona aibu kukumbushia. Hapo unamlaumuje? Chuo kimemwambia kwa vitendo kwamba mimi si kazi yake.

Kozi waki, yaani masomo ya darasani, nitaipita haraka. Mwenzangu aliyesoma sosholojia aliingizwa kwenye darasa la epidemiolojia (elimu ya kuenea kwa magonjwa) na uchambuzi wa takwimu kwa programu ya kompyuta iitwayo R tangu wiki ya kwanza, bila darasa la kumwandaa. Sisi wa mifugo tukatupwa kwenye nadharia za anthropolojia na watu waliozisoma miaka mitatu. Chini ya B ni sapu, unarudia mtihani. Mwenzangu alikaribia kudisko, yaani kuondolewa chuoni, kwa somo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumfundisha msingi wake.

Vibali je? Damu ya binadamu inataka kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na siupingi utaratibu huo hata kidogo. Damu ya mtu si ya kuchezewa. Damu ya mnyama ina kamati yake chuoni. Kisha barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, ya Mkurugenzi wa Halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Hayo yote nilikuwa tayari nayo. Lililonivunja moyo ni ndani ya chuo: kamati ya wanyama inasema inasubiri ya binadamu ipitishe kwanza, na ya binadamu inasema inasubiri ya wanyama. Cheti cha maadili hudumu mwaka mmoja tu. Fedha za fildi zilipokuja kutoka ofisi ya fedha, cheti kilikuwa kimekaribia kuisha na mvua za masika zimefunga barabara za huko kwa wafugaji.

Halafu mradi wa wafadhili uliobeba programu yetu ukafungwa. Wakati wa mradi tulikuwa tunapigwa picha. Kila mgeni wa mfadhili akija tunaitwa, daktari wa mifugo asimame na mwanasosholojia, tupigwe picha ya mabango. Mradi ulipoisha magari yakarudishwa, mratibu akahamia kazi nyingine, mlango wa ofisi ukapigwa kufuli. Nilipokwenda idara ya mifugo nikaambiwa wewe ni wa mradi. Sayansi ya jamii wakaniambia wewe ni wa mifugo. Na damu za ng'ombe wa watu, watu walioacha shughuli zao wakanishikia ng'ombe wao kwa kuniamini, zimo kwenye friza la maabara, na nimepewa taarifa nizihamishe kwa sababu friza linahitajika. Nizihamishie wapi, wakuu? Sampuli za nyuzi joto 80 chini ya sifuri nizipeleke chumbani kwangu? Wale wafugaji niliwaahidi nitarudi na majibu.

Msiniambie Afrika hatuwezi. Mtandao wa CARTA, wa kuandaa watafiti Afrika, upo tangu 2008, unaongozwa na APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu cha Nairobi, pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, na taasisi za hapa kwetu zimo. Wanachukua wanafunzi wa PhD wa fani mbalimbali za afya ya jamii, wanawakutanisha kwenye semina nne za pamoja katika kipindi cha masomo, na wasimamizi nao wanapewa mafunzo. Wasimamizi! Kwetu inachukuliwa kwamba mtu akiwa profesa basi anajua kumsimamia mwanafunzi wa nusu fani yake na nusu ya mwenzake. Hajui, na si kosa lake, hakuna aliyemfundisha.

NYONGEZA, baada ya kusoma maoni yenu:

Mnaoniambia PhD ndivyo ilivyo, vumilia. Nimevumilia kulala porini na kupigwa teke na ndama. Ugumu wa utafiti naujua na ndio nilioufuata. Kukaa miezi kusubiri watu wawili wa chuo kimoja wapigiane simu si ugumu wa utafiti.

Aliyesema ningebaki kwenye mifugo peke yake, ndugu yangu, nimechunguza mizoga ya mbuzi vya kutosha kujua kwamba ugonjwa hauishii zizini.

Dada wa Kenya aliyeandika usiku, pole sana. Kwa wasiojua, tume yao ya vyuo vikuu kwa miongozo ya 2014 inataka mwanafunzi wa PhD awe na makala mbili kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu. Yeye anasema makala yake jarida la mazingira limeikataa kwa kuwa ina uchumi mwingi, la uchumi limeikataa kwa kuwa ina mazingira mengi. Na idara yake inamwambia lete makala.

Na mhadhiri mmoja kaniuliza, sasa unataka nini. Nataka kabla ya kumpokea mwanafunzi mwingine yeyote, wakuu wa idara zote mbili watie sahihi karatasi moja inayosema huyu ni wetu sote, saa za kumsimamia zitahesabiwa kote kote, na wasimamizi wake watakaa naye chumba kimoja kila muhula, kumbukumbu za kikao ziandikwe. Watahini wapewe mwongozo mmoja. Mwenzetu mmoja tasnifu yake ilisomwa na mtahini wa nje aliyeandika kwamba sura ya mahojiano ni hadithi, wa ndani akaandika ndiyo sura bora kuliko zote, na hadi leo anazungushwa. Na bajeti ya mradi itenge fedha za maabara za kumfikisha mwanafunzi wa mwisho, hata kama ripoti ya mfadhili imeshakwenda.

Kwangu mimi muda unakwisha. Ruhusa ya mwajiri ina mwisho, na barua ya kuniuliza ninarudi lini nimeshaipata. Kama yupo humu aliyepita kwenye programu ya namna hii na akafanikiwa kuwakalisha wasimamizi wake pamoja, naomba aandike hapa alianzia ofisi gani na aliandika barua ya aina gani. Na mwenye maabara Morogoro, Dodoma au Arusha yenye nafasi ndani ya friza la kuhifadhi damu, aje PM leo hii.