Presi ipi ya hatua mfululizo inafaa kujazia risasi za 9 mm na .38 Special?

Mlenga Shabaha aliuliza:

Ndugu zangu, nimekuwa nikijaza upya risasi zangu kwa miaka mitatu nikitumia presi ya hatua moja (inayofanya kazi moja kwa ganda moja kila unapovuta mkono wake), na kibali cha kufanya hivyo nyumbani ninacho. Nina bastola ya 9 mm na rivolva ya .38 Special. Kila mwezi hutumia risasi zipatazo 600 katika mazoezi na mashindano, na kwa presi niliyo nayo, kuzijaza zote hunimalizia jioni nyingi mno, kwa kuwa kila ganda hulishika mkononi mara nne au tano kabla halijawa risasi kamili.

Nimeamua kununua presi ya hatua mfululizo, inayofanyia kazi maganda kadhaa kwa mvuto mmoja, lakini nimekwama. Kuna zinazojizungusha zenyewe kila unapovuta mkono wa mashine, na kuna zinazotaka uzungushe sahani ya maganda kwa kidole. Vituo navyo, yaani sehemu ambapo ganda husimama kufanyiwa kazi, ni vinne kwa nyingine, vitano au sita kwa nyingine. Wauzaji husifia idadi ya risasi kwa saa, jambo ambalo kwangu si la kwanza. Ninachoogopa ni kujaza baruti mara mbili katika ganda moja, au kulipita ganda bila baruti, kwa sababu sasa hukagua maganda 50 yaliyopangwa kwenye kibao kwa tochi kabla ya kuweka kichwa chochote cha risasi, na naona kwamba kwa presi hiyo mpya nitaupoteza ukaguzi huo. Naomba ushauri wa waliowahi kuzitumia.

Fundi Shaba alijibu:

Ndugu Mlenga, hofu yako ndiyo inayopaswa kukuchagulia mashine. Ukaguzi wa kibao hautakuwepo tena, ni kweli, kwa hiyo inabidi ununue presi itakayokupa ukaguzi mwingine badala yake.

Hesabu vituo kwa kazi zake. Ganda linatolewa fataki (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) iliyotumika na kurudishwa kipenyo chake, linawekwa fataki mpya, linapanuliwa mdomo kidogo na kupokea baruti, linapokea kichwa, kisha mdomo unabanwa. Kwenye presi ya vituo vinne, kama Dillon RL550, kazi hizo huvijaza vituo vyote, na hakuna nafasi inayobaki kati ya baruti na kichwa, labda uunganishe kuweka kichwa na kubana mdomo katika kalibu moja (kifaa cha kituoni kinachofanya kazi hiyo). Kwenye presi ya vituo vitano, kama Dillon XL750 au Hornady Lock-N-Load AP, kituo kimoja hubaki huru baada ya baruti, na hapo unaweka kifaa cha kukagua kimo cha baruti. Vifaa vya namna hiyo viko vinavyolia kengele na viko vinavyoonyesha kwa kijiti kinachopanda na kushuka. Lee Six Pack Pro, yenye vituo sita, inakupa nafasi zaidi ya hapo.

Kwa .38 Special jambo hili lina uzito wa pekee. Ganda lake lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19, enzi ya baruti nyeusi iliyohitaji nafasi kubwa, na lina urefu wa milimita 29 hivi, ilhali la 9 mm lina 19 tu. Baruti za kisasa za bastola ni kidogo sana ndani ya ganda hilo refu, hata kipimo mara mbili kinaingia bila kumwagika, na kwa jicho lililochoka kinaonekana cha kawaida. Kwenye 9 mm, ukichagua baruti yenye ujazo mkubwa inayopita nusu ya ganda, kosa la mara mbili litamwagikia sahani na utaliona papo hapo. Kwa hiyo chagua baruti pamoja na presi, usizitenge.

Nisingenunua vituo vinne kwa ajili ya .38.

Mama Mizani alijibu:

Nakubaliana na Fundi Shaba kuhusu .38 Special, ila sikubali kwamba kifaa cha kukagua kinatosha. Kifaa hicho hutambua ganda tupu na ganda lililojazwa mara mbili, hakitambui kosa dogo la sehemu ya kumi ya greini, na kwa risasi za bastola, ambazo baruti yake ni greini chache tu (greini moja ni kama gramu 0.065), makosa madogo yana maana. Kazi hiyo ni ya mizani. Mimi hupima baruti ya ganda la kwanza, la kumi, kisha la kila hamsini, na mizani yenyewe huithibitisha kwa vipande vya uzito unaojulikana kila ninapoketi mezani.

Kuhusu kuzunguka, nimetumia aina zote mbili. Ile ya kuzungusha kwa mkono ina hatari moja iliyo wazi: ukiitwa na mtoto ukageuka, ukarudi ukavuta mkono bila kuzungusha sahani, umejaza ganda lile lile mara ya pili. Inayojizungusha haikuachii nafasi ya kusahau, lakini hatari yake imejificha. Hujitokeza fataki inapokwama, nawe ukarudisha mkono nusu njia ili uikwamue. Hapo hujui tena ni ganda lipi limepokea baruti na lipi halijapokea. Jambo hilo lilinipata mwaka wangu wa kwanza. Nilidhani nakumbuka, nikaendelea, na wiki iliyofuata risasi moja ilitoa mlio hafifu uwanjani. Kichwa kilikuwa kimekwama ndani ya mtutu. Kama nisingesimama kuangalia, risasi iliyofuata ingeupasua mtutu mkononi mwangu.

Tangu hapo sheria yangu ni hii: mashine ikikwama kwa sababu yoyote, maganda yote yaliyoko kwenye sahani yanaondolewa, baruti yao inamwagwa, na kazi inaanza upya na sahani tupu. Unapoteza dakika mbili. Nakusihi, ndugu yangu, uifuate sheria hii hata usiku ukiwa mwingi na risasi zimebaki kumi.

Kiganja alijibu:

Niongeze mambo ambayo hayajaguswa. Kaliba zako zote mbili, yaani 9 mm na .38 Special, hutumia fataki ndogo za bastola, kwa hiyo kwa kawaida hutahitaji kubadilisha mfumo wa fataki unapohama kutoka moja kwenda nyingine. Utabadilisha kalibu, kipanuzi cha mdomo na, kwa presi nyingi, sahani ya maganda. Tafuta presi ambayo kalibu zake hubaki zimepangwa kwenye bamba moja au hushikwa na vifungo vya haraka, ili usianze kurekebisha vimo upya kila mara. Dillon Square Deal B ni mashine nzuri ya bastola, lakini inatumia kalibu zake pekee, hivyo zile za nyuzi za kawaida ulizo nazo hazitaingia.

Kumbuka pia kwamba ubanaji haufanani. Risasi ya 9 mm hukaa ndani ya chemba kwa kuegemea mdomo wa ganda, kwa hiyo unabanwa kwa mteremko mdogo tu, ilhali ya .38 Special hushikiliwa na ukingo wa kitako, na mdomo wake unaweza kukunjwa ndani ya mfereji wa kichwa. Ndiyo maana sipendi kuunganisha kuweka kichwa na kubana katika kituo kimoja.

Jambo la mwisho ni maganda ya 9 mm ya kijeshi. Tundu la fataki kwa mengi yake limebanwa kiwandani, na usipolipanua kwanza, fataki mpya itakwama, nawe utaingia katika hali ile ile aliyoieleza Mama Mizani. Yachambue kabla hayajafika kwenye presi.

Mlenga Shabaha alirudi:

Nawashukuru sana, na Mama Mizani nampa pole kwa lile lililompata. Nimeamua kuchukua presi ya vituo vitano inayojizungusha, pamoja na kifaa cha kukagua baruti na taa ndogo ya kuelekezwa ndani ya maganda. Kilisha maganda cha umeme nakiacha kwa sasa. Je, ni vibaya nikiitumia miezi ya mwanzo kwa kupitisha ganda moja moja, mpaka mkono uzoee?

Mama Mizani alijibu:

Si vibaya hata kidogo. Pitisha ganda moja kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho, lipime baruti, pima urefu wa risasi kwa venia (kipimo cha urefu mdogo), kisha weka la pili. Ukiona risasi 20 mfululizo hazijatofautiana, ndipo ujaze sahani nzima. Na presi yako ya hatua moja usiiuze. Utaihitaji kutolea vichwa vya risasi utakazozitilia shaka.