Mkandarasi wa jiko kapandisha bei mara ya tatu. Nilipe yaishe au nimfukuze?

NyumbaKuukuu:
Wadau, nimechoka. Tulikubaliana bei moja ya kukarabati jiko lote: kubomoa makabati ya zamani, kuhamisha sinki, vigae sakafuni, makabati mapya na kaunta. Jiko lenyewe ni mita 3 kwa 4, si ukumbi wa harusi. Leo wiki ya saba. Kwanza aliniambia bomba la chuma nyuma ya makabati limeliwa na kutu. Nililiona kwa macho yangu, nikalipa. Kisha sakafu ikabidi ichimbwe. Juzi kaja na jipya: "Mama, vifaa vimepanda." Vifaa gani? Vyote tu. Tumefika 38% juu ya makubaliano.

Mkataba wetu ni karatasi yenye mstari mmoja, "ukarabati wa jiko", na jumla chini yake. Msinicheke. Napikia kwenye korido, vyombo naoshea bafuni, na mume wangu kila jioni anauliza "wamefika wapi?" utadhani mimi ndiye nabeba ndoo za zege.

kona_ya_nne:
Fukuza. Keshakuona huna ujanja, wiki ijayo atakuja na ya nne.

FundiMstaafu:
Dada, usiwe na haraka. Fundi wa pili hataamini mabomba aliyolaza wa kwanza. Atafumua, na utalipa mara mbili. Kazi hii nimeifanya miaka 26.

Bomba la kutu mwachie, ni haki yake. Hakuna anayeona nyuma ya kabati kabla ya kulitoa, ndiyo maana mwenye nyumba huweka pembeni 10 hadi 20% ya bajeti. Sakafu ni hadithi nyingine. Uliposema sinki linahama nikajua inafuata. Maji machafu hayapandi mlima: bomba la kutolea linataka mteremko wa kama sentimita 2 kila mita. Sinki likisogea mita 3, hizo ni sentimita 6, ongeza unene wa bomba lenyewe. Lazima uchimbe. Ila hilo alipaswa kulijua siku ya kupima na kukwambia, kwa hiyo gharama hiyo mgawane. "Vifaa vimepanda" bila risiti, hapo usitoe kitu. Umeshalipa kiasi gani?

NyumbaKuukuu:
70% ya jumla mpya, na kazi naiona iko nusu. Halafu kuna jambo sikulisema. Kaunta nilibadilisha mimi mwenyewe katikati ya kazi, kutoka mbao kwenda granaiti. Akasema "itaongezeka kidogo." Sikuuliza kidogo ndiyo ngapi.

FundiMstaafu:
Aa, basi hiyo ni yako. Mwambie aitoe kwenye hesabu aiandike peke yake, ili ujue kipi umejipandishia na kipi kapandisha yeye. Na hiyo 30% iliyobaki isitoke kwa siku, itoke kwa kazi: sakafu ikiisha, makabati yakifungwa, kaunta ikikaa. 10% ya mwisho ishike mpaka sinki litumike wiki nzima bila kuvuja.

futi_na_inchi:
Mimi naulizia vigae. Saizi gani, na kakulipisha boksi ngapi?

NyumbaKuukuu:
60 kwa 60, vinne kila boksi. Boksi 16.

futi_na_inchi:
Kigae kimoja ni mita za mraba 0.36, boksi 1.44. Sakafu yako ni 12. Weka 10% ya kukatika, inakuwa 13.2, yaani boksi 10. Hizo 6 za nini? Nenda ukahesabu yaliyopo.

NyumbaKuukuu:
Nimecheka peke yangu. Yapo yote 16, hayajafunguliwa, na ndiyo meza ninayowekea jiko la gesi pale koridoni! Nimempigia. Kwanza akasema ni ya akiba, nilipomsomea hesabu akanyamaza, kisha akakubali kuyarudisha 6 dukani na kupunguza kwenye deni. Sakafu tunagawana. Kesho anakuja na risiti, na kila badiliko sasa linaandikwa kabla ya nyundo kuinuliwa, yangu pia.

Mwenye meza ya kuniazima anijulishe, sakafu inaanza kulazwa kesho kutwa.