Mbwa wangu ana miezi mitano, nachaguaje darasa la utii na kituo cha mafunzo?

NyotaM
Wakuu habari zenu. Nina mbwa dume wa miezi mitano, chotara wa German Shepherd, nguvu anazo kweli kweli. Ndani ni mpole, ukimwambia kaa anakaa, lala analala, ila tukitoka nje na kamba ni kama masikio kayaacha nyumbani. Anavuta mpaka mkono unauma, akiona mbwa mwenzie anabweka hadi tupotee machoni, na watu anawarukia. Nataka kumpeleka darasani sasa hivi maana akiongeza kilo kadhaa sitamuweza, lakini kila nikiulizia nazidi kuchanganyikiwa. Kituo kimoja wanasema niwaachie mbwa wakae naye, wanirudishie amenyooka na garantii juu. Kingine ni darasa la kikundi mara moja kwa wiki na lazima mwenye mbwa uwepo. Halafu kuna trena binafsi (mwalimu wa mbwa), video zake mbwa wanatembea wametulia tuli ila wote wamevaa kola yenye kiboksi shingoni, nikaambiwa ni ya umeme. Sasa nyie mnaangalia nini, cheti, ukubwa wa eneo, au nini hasa? Sitaki apoteze uchangamfu wake, nataka tu anisikie tukiwa nje.

KambaNdefu
NyotaM kabla hujalipa popote nenda kaangalie darasa likiendelea, na nenda bila mbwa. Kwangu hili linatangulia cheti na linatangulia ukubwa wa uwanja. Kituo kikikataa usiangalie achana nacho, hata maelezo usisubiri.

Ukifika pale watu wengi wanamkodolea trena, anavyoongea, anavyojiamini. We waangalie mbwa. Mbwa anayejifunza vizuri mwili wake umelegea, mkia unacheza, kila saa anamgeukia mwenyewe kuona kinachofuata ni nini. Mbwa mwenye hofu naye anaweza kukaa kimya kabisa, na hapo ndo video zinapodanganya watu, mbwa aliyeganda kwa woga kwenye video anaonekana ametulia. Angalia mkia umefyatwa, masikio yamelala nyuma, anajilamba mdomo na chakula hakuna, anapiga miayo na usingizi hana, anageuza kichwa pembeni huku weupe wa jicho unaonekana. Mmoja akiwa hivo inaweza kuwa ndo siku yake ya kwanza, ila ukikuta wengi wako hivo ondoka.

Darasa likiisha muulize trena: mbwa akipatia anapata nini? Akikosea unamfanya nini? Na hicho unachomfanya, hakuna njia nyepesi zaidi? Akujibu kwa vitendo, yaani "namgeuza tunaondoka, namsubiri, nampa kitafunwa akiniangalia". Akianza kukuzungusha na maneno ya uongozi sijui heshima sijui nguvu ya ndani, na mpaka mwisho hujui mikono yake inafanya nini, basi mbwa wako usimwachie.

Cheti ni kizuri lakini kijue kilivyo. Nchi nyingi mtu yeyote anaweza kuamka kesho akajiita trena, hakuna sheria inayomzuia. Kuna vyeti vyenye mtihani kweli, kama vya Certification Council for Professional Dog Trainers ya Marekani, iko tangu 2001, na kuna vya kulipia tu mtandaoni. Muulize alifanya mtihani gani na aliufanyia nani. Mwenye cheti cha kweli hakasiriki ukimuuliza.

tausi_mweupe
Naunga mkono KambaNdefu, ila niongezee upande wa eneo lenyewe maana watu wanavutiwa na majengo mazuri. Mi naangalia sakafu kwanza. Sakafu ya kuteleza kwa mbwa mdogo ni mbaya, anaogopa kutembea na viungo bado vinakua, so wawe na zulia la mpira au nyasi. Uzio usiwe na mianya na geti liwe mara mbili, moja likifunguliwa lingine limefungwa. Nafasi kati ya mbwa na mbwa iwe kiasi kwamba kamba zao zikinyooka zote pua hazigusani. Kwa mbwa wako anayebweka hii ndo ya muhimu zaidi, uliza kama wana vizuizi vya kukinga macho, mbao au hata pazia, mbwa akae nyuma yake apumue halafu atolewe kidogo kidogo. Kituo chenye uwanja mkubwa ila mbwa wote wamebanwa kona moja hakina faida kuliko chumba kidogo kilichopangwa.

Idadi nayo, mi sipendi zaidi ya mbwa sita hadi wanane kwa trena mmoja. Wakizidi awepo msaidizi, la sivyo unalipia kusimama kwenye foleni.

Na hiyo ya kumuacha mbwa kituoni, mi nasema hapana kwa kesi yako. Mbwa atajifunza kumsikia yule trena, mahali pale, na ile kamba. Mbwa hawahamishi somo kirahisi, ndo maana wako anakaa vizuri sebuleni na nje hajui kitu. Akirudi kwako mikono ni mingine, sauti ni nyingine, saa yako ya kutoa zawadi ni nyingine, mtaanza upya. Pia hujui huko ndani anafundishwaje wakati haupo. Darasa zuri asilimia kubwa anafundishwa mwenye mbwa, trena yeye anakurekebisha wewe, kamba umeishika vibaya, zawadi umechelewa kutoa, neno umelirudia mara tano.

Mlinzi_77
Mimi naona tofauti kidogo na naongea kwa nia njema. Mbwa wa damu ya shepherd mwenye nguvu hivyo anahitaji mkono thabiti. Hizi za vitafunwa zinafaa vijibwa vidogo. Mbwa ni mbwa mwitu wa jana, lazima ajue nyumbani mkubwa ni nani, akikuona mlaini anakupanda kichwani. Mbwa zangu wote nimewafundisha kwa cheni ya kukaba na sauti kali na wananisikia hadi leo. Na mtu mwenye kazi za kutwa hana muda wa darasa kila wiki, kituo cha kumuacha kinamsaidia, asivunjwe moyo.

daktari_wa_wanyama
Mlinzi_77 nakuheshimu kaka, na kwenye uthabiti niko na wewe kabisa, sheria za nyumbani ziwe zilezile kila siku kwa kila mtu. Ila hilo la ubwana lina historia yake. Msingi wake mkubwa ni uchunguzi wa mtafiti Rudolph Schenkel wa 1947 kwa mbwa mwitu waliofungiwa pamoja zizini, hao walikuwa wanagombea cheo kweli. Baadae mtafiti David Mech, aliyekuwa ameisambaza sana hiyo picha ya kiongozi mbabe, aliwafuatilia mbwa mwitu porini na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la kawaida ni familia tu, baba, mama na watoto wao, na wazazi wanaongoza kwa sababu ni wazazi. Kwa hiyo mbwa anayevuta kamba hapiganii cheo, anataka kufika kule mbele, na kila akivuta ukamfuata umemlipa.

Cheni ya kukaba inaumiza koo, na shinikizo la shingoni linapandisha presha ya macho. Kola ya umeme ina tatizo jingine: mbwa anaunganisha maumivu na kile anachokiona wakati huo. NyotaM, wako anabweka akiona mbwa wenzie, akichomwa muda huohuo atajifunza kwamba mbwa wenzie wanaleta maumivu. Leo anabweka, kesho anauma. Wales walizipiga marufuku kola hizo 2010. Tumia hanesi (mikanda ya kuvalishwa mwilini badala ya kola) yenye pete kifuani, inapunguza kuvuta bila kubana koo.

Afya sasa. Kituo kisichoomba kadi ya chanjo usiingie hata kama trena ni bingwa. Virusi vya pavo, vinavyoharisha na kuua watoto wa mbwa, vinakaa kwenye udongo miezi mingi, na kikohozi cha mbwa kinaenea kwa haraka kwenye chumba kisicho na hewa ya kutosha. Uliza wanasafisha na nini, na mbwa akiumwa wanafanyaje. Na wenye watoto wa mbwa wadogo kuliko wa NyotaM msisubiri miezi mitano, American Veterinary Society of Animal Behavior, chama cha madaktari wa wanyama wa Marekani wanaoshughulikia tabia, walishasema tangu 2008 kwamba mtoto wa mbwa anaweza kuanza darasa akiwa na wiki 7 hadi 8, ilimradi kapata chanjo ya kwanza angalau siku 7 kabla na dawa ya minyoo, kwa sababu miezi mitatu ya mwanzo ndo akili yake inapokea dunia kwa urahisi.

Kingine, hao wenye damu ya shepherd nyonga zao zinasumbua. Ukiona anakataa kukaa, au ananuna ukimgusa kiunoni, mpeleke apimwe kwanza, huenda sio ukaidi, anaumia.

Mlinzi_77
Hilo la kuunganisha maumivu na mbwa mwenzie sikuwahi kulisikia likielezwa hivyo. Nimelipokea daktari.

NyotaM
Ahsanteni sana jamani. Nimewapigia wote. Hao wa kumuacha mbwa wamesema wageni hawaruhusiwi kuangalia mafunzo eti wanavuruga mbwa. Wa kikundi wamesema nije hata kesho, na wameniuliza chanjo kabla sijawaambia jina la mbwa. Swali langu la mwisho, huyu wangu anayebweka si atawasumbua wenzie? Nianze naye peke yake kwanza?

KambaNdefu
Waambie mapema, usiwafiche. Trena anayejua kazi atakupa kati ya mambo mawili, masomo machache ya wewe na mbwa tu halafu mnaingia kikundini, au mnaanza kikundini ila mnakaa mwisho kabisa nyuma ya kizuizi. Kipimo ni kitafunwa, kama bado anakula na anakuangalia huku wenzie wapo, umbali huo anauweza, akikataa hata nyama mko karibu mno rudini nyuma. Fikeni wa kwanza au wa mwisho ili msipishane na mbwa mlangoni, mlango ndo unawaharibia wengi. Na siku ya kwanza usidai akae wala alale, akikaa pale akatazama darasa bila kubweka muda mrefu inatosha, mlipe hapohapo mwende zenu.

Kesho ukitoka kuangalia andika hapa uliona nini kwa mbwa wa pale, hasa wakati wa kuingia na kutoka.