Mrejesho: Kilti ya harusi Inverness, na kama nimeacha suruali

Wakuu, habari za siku. Mwezi uliopita niliuliza kama mtu akishaonja kilti, ile sketi ya wanaume ya Kiskoti, huku Uskoti anarudi tena kwenye suruali, maana shemeji anayemuoa dada yangu alitaka wanaume wote tuivae harusini. Asanteni sana kwa majibu.

Nilifuata ushauri wa kukodi badala ya kununua, na wa kuivaa nyumbani siku mbili kabla. Umeniokoa aibu. Kitu kina yadi 8 za sufu, marinda yote nyuma, na kinafungwa juu usawa wa kitovu. Kazi iko kwenye kukaa: unapitisha kiganja nyuma kulaza marinda, halafu kile kimkoba cha ngozi wanachokiita sporran kinaangukia katikati ya mapaja, kinakusitiri. Mama kanitazama kwenye video, akacheka: “Si msuli huo, baba?”

Nilipofeli ni pini, ile ya mbele pale pande mbili za kilti zinapolaliana. Uliyesema ipite pande la juu tu, nisamehe, nilikupuuza. Niliibana pande zote mbili, nikapiga hatua ndefu kwenye ngazi, sufu ya watu ikachanika. Amana imekatwa. Na visubi vya jioni kule havina huruma na magoti wazi.

Kwa kucheza ceilidh, zile ngoma za Kiskoti za sherehe, kilti haina mpinzani, naivaa tena hata kesho. Ila kazini naenda na baiskeli, huko suruali imeshinda. Shemeji mwenyewe, Mskoti wa kuzaliwa, Jumatatu nimemkuta na jinzi.