MJADALA: Jino bovu lisilouma ling'olewe, litibiwe au liachwe?

Mdau wa Tabata (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Jamaa anayejiita mtaalamu anasema jino lolote lililotibiwa mzizi (kiini kimetolewa na tundu lake kuzibwa) ni maiti mdomoni, linamwaga sumu kwenye damu usiku na mchana, na humo ndimo zinamotoka saratani, presha, maumivu ya viungo na uchovu usioisha. Anaongeza kwamba hata pale ulipong'olewa gego miaka ya nyuma, ndani ya taya kumebaki shimo lililooza ambalo eksirei ya kawaida hailioni, na dawa yake ni kupasuliwa na kukwanguliwa mfupa. Mwishoni anataja bei.

Nimeona pia majibu ya baadhi ya madaktari: "Uzushi, puuzeni." Basi. Mimi naona jibu hilo ni jepesi mno, maana ndani ya maneno ya yule bwana kuna ukweli ambao tukiutupa tutaumia.

Jino likitoboka hadi kwenye kiini, kiini kinakufa, na mara nyingi maumivu yanakufa nacho. Mtu anamshukuru Mungu kwamba limepoa. Kumbe bakteria wameshuka hadi ncha ya mzizi na mfupa wa pale unaliwa taratibu. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliotoka 2021 ulikadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima duniani wana angalau jino moja la namna hiyo. Wengi hawana habari.

Uongo unaanzia hapa: kwamba kwa kuwa uozo upo, basi ndio uliosababisha kila kitu, ng'oa. Hilo lilishajaribiwa na wenzetu. Mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter alihutubia Montreal akawashambulia madaktari wa meno kwa kujenga dhahabu juu ya usaha, na wimbi la kung'oa meno likaanza. Weston Price wa Cleveland alichukua meno ya wagonjwa akayapachika chini ya ngozi ya sungura. Sungura akiugua, jino ndilo lenye kesi. Henry Cotton, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, New Jersey, alivuka mipaka yote. Aliamini wazimu unatokana na usaha uliojificha, akang'oa meno, akaja kwenye matonsili, halafu akaingia kwenye utumbo mpana. Wengi walikufa kwa zile operesheni za utumbo. Hata wanawe wa kuzaa aliwang'oa meno.

Mwaka 1938 Cecil na Angevine wakaweka hadharani kumbukumbu za wagonjwa 200 wa baridi yabisi: kuondoa meno na matonsili hakukuwaponya. Na huyo Cecil hapo mwanzo alikuwa muumini wa nadharia yenyewe, hakuwa mpinzani.

Msimamo wangu: jino ling'olewe au litibiwe kwa sababu ya hali ya jino lenyewe, si kwa sababu goti linauma. Na kama tunakubali kwamba usaha wa kimyakimya ni hatari, basi hoja ya kuipeleka serikalini ni kwamba matibabu ya mzizi na usafishaji wa fizi vipewe nafasi ya maana kwenye kitita cha bima ya afya kwa wote, mtu asing'oe kwa kuwa tu ndicho anachoweza kukilipia.

Karibuni. Matusi hapana.

Binti Ruvuma

Mkuu, heshima yako, ila wewe umesoma historia, mimi limenikuta.

Nilikuwa na homa ndogo za jioni, uchovu, viungo vinauma, hasa goti la kulia. Malaria hamna, taifodi hamna, vipimo vingine vyote safi. Kipimo kimoja tu cha damu kilikuwa kinaonyesha kuna uvimbe mahali fulani mwilini, na kila daktari akikiangalia anainua mabega. Nilishaanza kuambiwa ni mawazo. Mpaka mmoja akaniuliza kama nina jino bovu. Nikamwambia lipo gego lilizibwa zamani, haliumi. Kwenye picha likaonekana lina kivuli cheusi chini ya mzizi. Likang'olewa. Homa zikakoma, na goti likaacha.

Sasa mnaposema "tafiti hazionyeshi", mimi niko wapi kwenye hizo tafiti? Daktari wa magonjwa ya ndani haangalii mdomo, wa meno haulizi homa. Mgonjwa anabaki katikati, halafu akimsikiliza mtu wa WhatsApp mnamcheka.

Kisiki

Hapo kwenye "anabaki katikati" dada umepiga penyewe.

Tabibu wa Meno

Binti Ruvuma, pole, na nashukuru umeeleza. Wewe ulikuwa na kivuli kwenye picha, chini ya jino lililozibwa. Huo ni ugonjwa unaoonekana, na ulistahili kutibiwa hata kama goti lingekuwa zima kabisa. Kama goti lilipona kwa sababu hiyo au kwa sababu nyingine, hakuna anayeweza kukuapia. Homa kuisha hainishangazi hata kidogo.

Niseme ninayoyaona kwenye kiti. Alikuja dereva bodaboda mwenye jipu dogo chini ya kidevu. Linapasuka, linakauka, baada ya muda linarudi palepale. Alishapaka mafuta, alishakula vidonge vya kila rangi, alishachanjwa na mganga. Nikafunua mdomo wa chini: jino moja la mbele limekuwa la kijivu. Uliwahi kuanguka? Akasema aligonga kidevu kwenye usukani zamani, akatema damu, akaendelea na kazi. Jino lilikufa kwa pigo lile. Usaha ukatafuta njia kwenye mfupa ukatokea kwenye ngozi. Tulitibu mzizi, na kile kidonda cha kidevu kikajifunga chenyewe, mafuta hakuna, mshono hakuna.

Wengine wanatibiwa "sainasi" mwaka hadi mwaka. Muulize: pua inatoa uchafu upande mmoja au miwili? Akisema mmoja, na una harufu mbaya, nakagua magego ya juu ya upande huo, kwa sababu mizizi yake iko jirani kabisa na uwazi wa shavu, yaani sainasi yenyewe.

Mfupa wa taya nao unaoza kweli, ila una watu wake: wenye selimundu, wenye kisukari kisichodhibitiwa, waliopigwa mionzi ya saratani shingoni au usoni, na wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa zile za sindano wanazopewa baadhi ya wagonjwa wa saratani. Hawa tukiwang'oa bila mpango ndio tunawaanzishia balaa. Dalili moja ya kuikumbuka ni mdomo wa chini kupata ganzi bila kuchomwa sindano. Na si kila taya la mtoto lililovimba ni jino. Daktari Denis Burkitt aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya aliouona kwa watoto pale Mulago, Kampala. Ile ni saratani, inatikisa meno mpaka mzazi anadhani ni meno mabovu. Inatibika kwa dawa, lakini si kwa koleo.

Yale "mashimo yasiyoonekana" ya yule bwana nayakataa. Chama cha wataalamu wa mizizi ya meno cha Marekani nacho kimeyakataa. Ukiambiwa ugonjwa hauonekani kwa kipimo chochote isipokuwa kwa mashine ya huyo anayetaka kukupasua, shika mkoba wako.

Kisiki

Tabibu naye anatetea soko lake tu.

Tabibu wa Meno

Ningetafuta soko ningeungana naye. Kukwangua taya kunalipa kuliko mzizi.

Kijana wa Mtoni

Tabibu, mimi nina shimo kwenye gego tangu sekondari. Haliumi. Niliache?

Tabibu wa Meno

Usiliache. Lipigwe picha kwanza, mengine baadaye. Na ukiona uvimbe chini ya ulimi na shingoni, mate yanakushinda kumeza, usisubiri asubuhi, nenda hospitali kubwa usiku huohuo. Huo uvimbe daktari Mjerumani Ludwig aliueleza mwaka 1836 na mpaka leo unaua kwa kuziba njia ya hewa.

Mama Neema

Nimesoma habari za huyo Cotton nikakumbuka kwetu Singida. Mbona haya tuliyafanya wenyewe, tena kwa watoto wachanga?

Mtoto akiharisha na kupata homa, wanamfungua kinywa, wanapapasa fizi. Pale yanapotokea meno ya chonge kunakuwa na kiuvimbe cheupe. Basi: ana meno ya plastiki. Anaitwa mjuzi na spoku ya baiskeli. Kinachofukuliwa ni mbegu ya jino lenyewe, bado laini, nyeupe, ndiyo maana ikaitwa plastiki. Miaka ya 1980 imani hii ilienea mno. Kuna watoto waliovuja damu, wengine wakapata maambukizi, wengine wakamalizwa na kuharisha kulekule kwa sababu watu wote walikuwa wanashughulika na fizi, hakuna aliyekoroga maji ya chumvi na sukari.

Na hao wajuzi walikuwa na ushahidi. Walitutajia mtoto wa fulani, alifukuliwa, akapona. Alipona kweli! Kuharisha kwa watoto wengi huisha kwenyewe.

Binti Ruvuma

Mama Neema, shikamoo. Nakubali, ila mimi nilikuwa na picha ya eksirei, si spoku.

Mama Neema

Marahaba mwanangu. Na mimi ndiyo picha hiyo ninayoitaka ioneshwe kwanza, kwa kila mtu.

Nesi wa Kliniki ya Moyo

Naomba niingie upande wa moyo, maana hapa watu wanachanganya magonjwa mawili.

La kwanza halina ubishi. Mtu mwenye valvu (milango ya moyo) zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayoanzia kwenye koo la mtoto kuuma, au aliyebadilishiwa valvu, bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu wanaweza kung'ang'ania pale penye kovu na kuota. Asipotibiwa anakufa. Ndiyo maana kabla ya kubadilishiwa valvu mgonjwa anatumwa kwanza kwa daktari wa meno.

Ubishi upo kwenye dawa za kinga, yaani antibiotiki, kabla ya kung'oa. Mwaka 2007 Marekani walibana: wapewe tu wenye hatari kubwa kabisa, kama wenye valvu bandia. Mwaka uliofuata Uingereza wakasema kusiwe na utaratibu wa kuzitoa hata kwa hao, na baadaye wakalegeza kidogo maneno yao. Australia wao waliendelea kuwapa watu wa asili wenye moyo wa rumatiki, kwa sababu kwao ugonjwa huo bado upo. Sisi tunafanana na nani hapo? Mimi nasema tunafanana na wale wa Australia, na kuiga karatasi ya London neno kwa neno ni hatari kwa wagonjwa wetu.

Ila niwape kitu cha kufikiria. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2008 ulichukua damu za watu: waliopiga mswaki, 23% walikutwa na bakteria kwenye damu. Waliong'olewa jino bila dawa ya kinga, 60%. Waliopewa amoksilini kabla, 33%. Kwa hiyo anayekuambia ng'oa yote ili kulinda moyo, kung'oa kwenyewe kunamwaga bakteria kuliko mswaki. Na anayekuambia usiguse kitu, mswaki wa kila siku kwenye fizi mbovu nao unafanya kazi hiyohiyo, asubuhi na jioni, maisha yote.

Ugonjwa wa pili ni huu wa mishipa ya moyo kuziba. Hapo wenye fizi mbovu wanaugua zaidi, ni kweli, lakini ndio haohao wanaovuta sigara, wenye umri mkubwa na wenye sukari. Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia tafiti zote mwaka 2012 kikasema uhusiano upo, usababishi haujathibitishwa.

Mzee wa Sukari

Habari zenu vijana. Mimi natumia metformini miaka mingi, na sukari na fizi ni kesi yangu.

Hapa mleta mada umepungukiwa. Umeongelea meno yaliyokufa, hujagusa fizi, na kwa sisi wa kisukari fizi ndizo zenye ushahidi. Sukari ikipanda fizi zinaharibika, na fizi zikiharibika sukari inakuwa ngumu kushuka. Ni kweli utafiti mmoja mkubwa wa Marekani wa 2013 ulisafisha fizi za watu na kipimo cha sukari cha miezi mitatu hakikusogea. Lakini mapitio ya 2022 ya Cochrane, shirika la kuchambua tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 35, yaliona kikishuka kwa wastani wa pointi 0.43 za asilimia baada ya miezi mitatu hadi minne. Kwa mgonjwa hiyo si ndogo. Ni karibu na faida ya kuongezewa kidonge kingine.

Kwenye kliniki yangu wananiangalia miguu, wananituma macho. Mdomo hajawahi kuuangalia mtu. Mimi nataka iwe lazima kwa kila mgonjwa wa kisukari, mara moja kwa mwaka.

Mdau wa Tabata

Mzee shikamoo. Nakuunga mkono kwa mikono miwili, na fizi naziongeza kwenye hoja. Kila kliniki ya kisukari na ya moyo, mdomo uangaliwe kwa lazima.

Tabibu wa Meno

Subirini kwenye "lazima". Mimi niko wilayani. Kiti ni kimoja, na mashine ya eksirei ya meno ikiharibika tunangoja fundi kutoka mkoani. Matibabu ya mzizi wa gego yanaweza kula asubuhi nzima, wakati kung'oa ni dakika chache. Mkiniletea wagonjwa wote wa kisukari wa wilaya bila kuniongezea kiti wala mtu, unadhani nitafanya nini na foleni hiyo? Nitang'oa. Tutakuwa tumemfuata Cotton kwa mlango wa bima.

Binti Ruvuma

Kwa hiyo tusipime kwa sababu viti hakuna? Huo ndio mchezo wenyewe ulionizungusha mimi. Pimeni, idadi ionekane, ndipo viti vidaiwe.

Tabibu wa Meno

Ukimpima mtu ukamwambia ana usaha kwenye mfupa, halafu ukamrudisha nyumbani kungoja, atakwenda kwa yule wa WhatsApp.

Mdau wa Tabata

Hapo nakwama. Kipi kitangulie, kupima au viti? Najua humu wapo watu wa wizara na wa bima wanaosoma kimyakimya. Tusaidieni: kwenye kitita, mzizi wa gego unahesabiwa kama matibabu ya lazima au kama urembo?