Mrejesho: Nilimpeleka mama Nyungwe

Ndugu zangu, niliuliza hapa kama inafaa kumpeleka mama kwenye loji ya kifahari kando ya msitu wa Nyungwe, Rwanda, tukitokea Bukavu, Kongo, na kama usiku mmoja unatosha. Wengi mlisema tulale siku mbili. Asanteni, mlisema kweli.

Tulivuka mto Ruzizi mpakani asubuhi, mchana tukawa Gisakura, kwenye loji. Chai imepandwa hadi karibu na baraza ya chumba, na pale inapoishia msitu unaanza. Baridi ya huko si mchezo, bebeni sweta. Jioni mhudumu alituwashia moto wa kuni. Mama akanyoosha miguu, akaanza kusimulia utoto wake, habari ambazo sijawahi kuzisikia.

Sokwe hatukuwaona. Loji iliahidi kututafutia vibali mapema, haikufanya, tukakuta nafasi zimejaa. Iliniuma sana. Vibali shughulikieni wenyewe.

Lakini mbega walitokea! Kundi zima juu ya mti mmoja, mabega yana manyoya marefu meupe kama shali. Mama alisimama kimya muda mrefu.

Kesho yake tukaenda kwenye lile daraja linaloning'inia juu ya miti, urefu wake mita 160. Nilidhani atakataa. Mwongozaji akamwambia, "Mama, tazama mbele tu." Akashika kamba za chuma huku na huku, akavuka polepole, na alipofika ng'ambo akaniuliza kama anaruhusiwa kurudia.