Dola 1,340 zangu zimeshikiliwa siku 180 kwa kukosa bili ya umeme. Sisi wa LUKU tulipwe kwa njia ipi?

Wakuu, leo sisalimii vizuri, mtanisamehe.

Mimi ni mtafsiri, nipo Mwanza. Mwaka wa nne huu natafsiri vijitabu vya afya na manukuu ya video kwa wateja wa Ujerumani, na hela inapitia mtandao mmoja wa malipo wa nje. Siutaji jina, bado wameshika changu. Wiki tano zilizopita nimeamka nakuta barua pepe: akaunti imewekewa zuio, leta uthibitisho wa makazi. Ndani mna dola 1,340, jasho la miezi miwili.

Uthibitisho wenyewe ni bili ya umeme, maji au gesi, yenye jina langu na mtaa wangu, ya miezi mitatu ya karibuni. Sasa jamani, LUKU unalipa kwanza ndipo taa inawaka, bili itoke wapi? Mita yenyewe imesajiliwa kwa jina la marehemu baba yake mwenye nyumba. Bili ya maji ipo, lakini ni moja kwa wapangaji saba, na jina ni la mwenye nyumba. Gesi naletewa mtungi na bodaboda. Taarifa yangu ya benki ina S.L.P. ya shule niliyofundisha zamani.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaniandikia barua safi, picha imegongwa muhuri hadi kwenye paji la uso. Nikaipandisha. Hazikupita dakika nne: lugha ya hati haikubaliki. Nikaitafsiri. Jibu: tafsiri isifanywe na mwenye akaunti. Nikarudia mara ya tatu, wakafunga akaunti kabisa na kusema salio watalikalia siku 180. Kosa langu? "Kwa sababu za kiusalama hatuwezi kueleza." Hakuna namba ya kupiga. Kila ukiandika unajibiwa na jina jipya lenye maneno yaleyale.

Msiniambie ni mambo ya FATF, wale wa kimataifa wanaopambana na utakatishaji fedha. Tanzania iliingizwa orodha yao ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Oktoba 2022, ikatolewa Juni 2025. Mimi nimefungiwa tumeshatoka!

"Si utafute njia nyingine." Nimetafuta. Binamu yangu wa Nairobi anapokea dola za nje na kuzishusha M-Pesa, akasema zipitie kwake. Shemeji yangu wa Muscat akasema mteja aweke kwenye akaunti yake, yeye atanitumia. Nikachagua kwa shemeji. Mhasibu kule Ujerumani akaona ankara imetoka Mwanza kwa jina la mwanamke, hela inatakiwa iende Oman kwa mwanamume, akasimamisha malipo. Simlaumu, hata mimi ningeshtuka. Ndicho kinachoniuma hiki: nilipotumia jina langu walinishuku, na sasa kila mlango uliobaki unanitaka niingie kwa jina la mtu. Wananisukuma nifanye kilekile anachofanya mtakatisha fedha, halafu mashine yao ikiona itasema si tulijua.

USDT, ile sarafu ya mtandaoni inayofuata thamani ya dola, nayo nimeijaribu, nikauza ya dola 60 tu. Mnunuzi akanirushia hela kwenye simu, kesho yake laini imezuiwa, kumbe ile hela alitapeliwa mama mmoja wa Kahama. Nusu siku nimekaa duka la mtandao wa simu najieleza kama mwizi. Na hapo serikali yetu haijulikani imesimama wapi: Novemba 2019 Benki Kuu (BoT) walitutangazia kwamba sarafu hizi hazitambuliki, 2024 Sheria ya Fedha ikaziwekea kodi ya zuio asilimia 3. Kwenye kodi zinatambulika vizuri sana.

Zamani nilidhani kukatiwa njia ya pesa ni habari ya wakubwa, kama WikiLeaks, wale wa kuanika siri za serikali mtandaoni, walipokatiwa michango na Visa, Mastercard na PayPal Desemba 2010. Hapo jirani tu Mombasa, Aprili 2015 baada ya shambulio la Garissa, mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na Haki Africa yalifungiwa akaunti za benki kwa tuhuma za ugaidi. Mahakama Kuu ikaamuru zifunguliwe Novemba mwaka huohuo. Miezi saba ni mateso, lakini walikuwa na tuhuma ya kujibu na jaji wa kumweleza. Mimi sina hata tuhuma, na mkataba unasema ukiwa na kesi uifungue hukohuko kwao. Nauli yenyewe itazidi deni.

Naomba majibu ya waliopitia. Nani amewahi kupata hela yake kabla ya siku 180, na alitumia karatasi gani badala ya bili? Hati ya kiapo ya wakili wameshawahi kuikubali? Na kuna benki ya hapa inayopokea malipo ya kutoka Ulaya bila kukata nusu njiani?

Nyie wa "njoo inboksi nikusaidie", bakini hukohuko inboksi.